Pikapu Iliyozimika Kilimani

Mara ya kwanza pikapu ilipozimika tulikuwa tunatoka Muleba kurudi nyumbani Buhembe, Bukoba. Mimi nilikuwa kwenye usukani. Mume wangu alikuwa pembeni, amefungwa mkanda wa gari, na juu ya mkanda nilikuwa nimempitishia kanga kifuani, kwa sababu bila hiyo mwili wake ulikuwa unaangukia upande wa kulia. Tulikuwa tumefika katikati ya kilima kirefu cha upande wa Muhutwe. Nilikanyaga mafuta, gari halikuitikia. Nikashusha gia, likajikongoja kidogo, likatetemeka lote, kisha likanyamaza. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka kutafuta mawe ya kuzuia matairi.

Miaka yote ya nyuma, gari likileta shida njiani, kazi yangu ilikuwa kukaa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na siku zote nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Nilibaki ndani nayo, nikisikia spana zikigonga chini ya boneti, na baada ya muda mume wangu alichungulia dirishani na kuniambia nipige starta. Nilipiga, gari likawaka, akafuta mikono, tukaendelea. Sikuwahi hata kumuuliza ilikuwa nini. Siku ile ya Muhutwe nilifungua boneti mwenyewe, nikasimama nikiitazama injini kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba isiyo yake. Joto lilinipiga usoni. Sikujua nianze kugusa wapi.

Nilirudi ndani nikakaa. Yeye alikuwa anatazama mbele, barabarani.

“Baba,” nikamwambia, “limezimika.”

“Ego,” akajibu.

Hilo ni neno la Kihaya la kukubali. Ndilo pekee alilobaki nalo. Kiharusi kilimkuta kibanjani asubuhi moja akikata mkungu wa ndizi. Nilimkuta amekaa chini, ameegemea mgomba, panga liko mapajani, macho yamefunguka vizuri tu. Nikamuuliza kuna nini, akaniambia ego. Nikamuuliza kama ameanguka, akasema ego. Nikamuuliza kama anaweza kusimama, akasema ego, na hakusimama. Tangu siku hiyo, chai ni ego, maumivu ni ego, kukataa ni ego, na jina langu pia ni ego. Daktari alinieleza kuwa kilichoharibika ni ile sehemu ya ubongo inayotengeneza maneno, na kwamba anaelewa baadhi ya mambo tunayomwambia. Mimi hilo “baadhi” sikulipokea. Nilijiambia kuwa anaelewa yote. Mume wangu yumo ndani, mzima, na mlango tu ndio umekwama.

Tulikaa pale kilimani mpaka injini ikapoa. Nikapiga starta kwa muda mrefu, nikaona moshi mweupe, likawaka. Tukafika nyumbani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ile pikapu ilikuwa ya dizeli, nyeupe, ya zamani kuliko mtoto wetu wa mwisho. Mume wangu aliinunua kwa kazi ya samaki. Alikuwa anakwenda mwaloni, zinapotia nanga boti za wavuvi kule Muleba, anapokea dagaa na sangara wa kukausha walioletwa kwa boti kutoka Bumbire na visiwa vingine, anawaleta sokoni Bukoba. Siku za Jumapili iliwabeba wanakwaya. Ilibeba bibi harusi, ilibeba mabati ya kanisa, ilibeba majeneza ya majirani, na nyakati za senene, wale panzi wa kuliwa, ilibeba mapipa na taa za kuwategea. Ilipokuwa na shida aliitengeneza mwenyewe uani, na shida zenyewe aliziita kwa Kihaya, kama mtu anayezungumza na ng'ombe mkaidi. Mafundi wa mjini walikuwa wanaiona mara chache sana. Alipougua, nilistaafu kazi yangu na kuchukua yake, maana gari lilikuwa pale na mzigo ulikuwa pale, na vyote viwili vilikuwa vinamngoja yeye.

Pamoja na mzigo, nilikuwa nampeleka kwenye mazoezi ya viungo katika hospitali moja upande wa Muleba. Mtaalamu wa pale, dada mpole mwenye mikono yenye nguvu, alikuwa amefanikiwa kuifungua ngumi yake ya kulia. Vidole vilikuwa vimeanza kunyooka. Alinionya kwamba tusikose, kwa sababu mkono ukiachwa utajikunja tena na safari ijayo utakuwa mgumu zaidi.

Kwa hiyo lilipozimika mara ya pili, tena kwenye mlima, tena likiwa limepata moto, sikungoja. Nililipeleka gereji ya karibu na kwetu. Fundi wa pale alikuwa anamfahamu mume wangu na alimheshimu. Alisema dizeli ya siku hizi ina maji. Akabadilisha chujio, akamwaga uchafu wa chini ya tangi, akaondoa hewa kwenye mfumo, akaniambia nijaze mafuta mazuri niende zangu. Nikajaza tangi mpaka juu kwa raha ya mtu aliyepona. Tukaenda Muleba, tukarudi, nikaenda mwaloni, nikarudi. Nilimwambia mume wangu kila tulipopanda kilima, “Unasikia linavyopanda?” Naye akajibu ego.

Halafu likazimika tena.

Fundi yule alikuna kichwa, akasema basi ni pampu, na pampu hawezi kuigusa yeye. Akanielekeza kwa mwingine, ng'ambo ya mji, mtu wa pampu na nozeli tu. Huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Alisikiliza injini ikiwa imesimama uani kwake, akasema imechoka, akaifungua. Vitu vikatolewa, vikapelekwa kupimwa, vipuri vikaagizwa kutoka mbali. Ng'ombe wetu wa maziwa akaondoka kulipia kazi hiyo. Gari likakaa juu ya magogo wiki baada ya wiki.

Katika kipindi hicho tulikosa mazoezi. Nilijaribu kumpeleka kwa basi mara moja. Watu walitusaidia kumpandisha, na walikuwa wema, lakini alipofika kwenye kiti suruali ilikuwa imelowa, na safari nzima alitazama dirishani huku machozi yakimtoka jicho moja tu, lile la upande mzima. Sikurudia. Nilimfanyia mazoezi mwenyewe kitandani, kwa kukumbuka mikono ya yule dada ilivyokwenda. Ngumi ikaanza kujifunga. Kila asubuhi niliifungua kidole kimoja kimoja na kuweka kitambaa ndani ili kucha zisimchome kiganja, na kila asubuhi ilikuwa kazi kubwa kuliko jana yake.

Pikapu ilirudi ikiwa na sauti mpya, tulivu. Nilijaza tangi. Ilipanda vilima bila manung'uniko. Nikamshukuru Mungu kanisani kwa sauti, mbele ya watu, jambo ambalo si kawaida yangu. Baada ya safari chache ikazimika karibu na Kemondo, mvua ikinyesha, nikiwa na mzigo wa dagaa wa mama mmoja mfanyabiashara wa Bumbire. Mwenyewe alikuwa amepanda nami. Turubai lilikuwa na matundu. Tulisimama pale mpaka mvua ikaisha, tukisikia maji yakiingia kwenye magunia. Dagaa wakilowa hurudi kuwa laini, na ukiwafikisha sokoni hivyo, mnunuzi anainama, ananusa, anaondoka. Yule mama hakunigombeza. Alikuwa amehamia visiwani kutoka mbali, amezoea hasara za maji, akakaa tu amejifunga kitenge kichwani. Tulipokaribia mjini ndipo akaniambia, “Wakati wa mzee haikuwa hivi, mama.”

Mume wangu alikuwa katikati yetu, bega lake limegusana na langu. Safari iliyofuata mzigo wa yule mama ulipanda gari la mtu mwingine.

Ndipo nikafikia lile wazo ambalo hadi leo likinijia hunifanya niache ninachofanya. Nilijiuliza kwa nini nahangaika na mafundi wakati anayeijua pikapu hii kuliko wote nakaa naye nyumba moja. Yeye hawezi kusema, lakini anaweza kuonyesha. Asubuhi moja yenye jua nilimtoa nje kwenye kiti chake, nikamsogeza hadi mbele ya gari, nikafungua boneti, nikaiwasha injini. Niliona uso wake ukibadilika. Aliinua kichwa. Aliweka mkono wake wa kushoto juu ya bodi na kuuacha pale, na kwa dakika ile alikuwa mtu yule yule wa zamani, akisikiliza.

Nilizima. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia taratibu, kwa Kihaya, kwamba simwombi maneno. Namwomba anionyeshe kwa kidole. Ugonjwa uko wapi?

Alitazama gari. Kisha akanyoosha mkono, akaelekeza kidole nyuma, chini ya bodi, kwenye tangi. Nikamuuliza tena ili niwe na hakika: tangi? Akasisitiza kwa kidole, akasema ego, safari hii kwa nguvu, kama mtu aliyechoka kutoeleweka.

Niseme ukweli, furaha niliyoipata haikuwa ya gari. Nilimshika uso nikambusu kwenye paji. Nilimpigia simu binti yetu aliyeko Dar es Salaam, nikamwambia baba yako amezungumza. Akaniuliza amesemaje, nikamwambia amesema ni tangi. Sote wawili tukalia kwenye simu.

Fundi wa kwanza akaja nyumbani na jeki. Tangi likashushwa, likaoshwa, likasuguliwa ndani kwa kokoto na dizeli, likakaushwa juani. Alitazama bomba la kunyonyea, akapuliza, akasema liko safi. Hakukuwa na kutu ya maana wala ufa wowote. Akalirudisha. Nikajaza mafuta. Na mimi nikaendesha nikiwa na imani kamili, siku hadi siku, mpaka likazimika tena, palepale Muhutwe, karibu na yale mawe niliyoyaacha kando ya barabara mara ya kwanza.

Tulipofika nyumbani sikumngoja apumzike. Nilimweka tena mbele ya boneti. Nilijiambia labda nilimwelewa vibaya, labda hakumaanisha tangi lenyewe. Nikamuuliza tena, kwa maneno yale yale: ugonjwa uko wapi? Akanyoosha kidole bila kusita, akaonyesha gurudumu la mbele. Nikamuuliza: gurudumu? Ego, kwa nguvu ile ile. Nikamuuliza: au ni taa? Nikagusa taa. Ego. Nikagusa kioo cha dirisha. Ego. Kuku akapita kati yetu na kidole chake kikamfuata kuku, akasema ego, akanitazama kuona kama nimeridhika.

Alikuwa anataka kunifurahisha. Nililiona hilo usoni mwake, waziwazi. Aliona kuwa mara ya kwanza aliponyoosha kidole nilimbusu, na sasa alikuwa ananyoosha kwa kila kitu.

Nilikaa chini kwenye majani makavu ya migomba, nikaegemea tairi. Kwa muda wote ule nilikuwa nimeamini kwamba yumo ndani, na vitu vyake vyote viko mahali pake, spana zimepangwa, barabara zote za Muleba, majina ya watu wa mwaloni, ujana wetu. Niliamini kuwa siku moja mlango utalegea na vyote vitatoka. Sasa nilikuwa nimeuliza swali moja dogo, la kitu alichokijua kuliko alivyonijua mimi, na ndani hakukuwa na jibu. Halikuwa limefungiwa. Halikuwepo. Yeye alibaki amekaa kwenye kiti mbele yangu, kidole bado kimenyooka, akisubiri.

Binti alipopiga nikamwambia baba anaendelea vizuri. Alinishauri tuiuze ile pikapu kwa wanaonunua vyuma. Nikamwambia nitafikiria.

Sikuiuza, na si kwa sababu ya tumaini. Nilikuwa tu nimezoea. Mzigo ulikuwa umepungua, kwa hiyo niliweka dizeli kidogo kidogo, ya kunifikisha na kunirudisha, na katika kipindi hicho gari lilizimika karibu kila safari. Hata asubuhi, likiwa baridi, ilibidi nikandamize mara nyingi ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio kabla halijawaka. Siku moja jirani wa Nshambya aliliazima gari kwangu kwa ajili ya harusi, akalirudisha likiwa na tangi limejaa, kwa ustaarabu wake. Akasema limemtumikia vizuri, hata milima ya Kamachumu limeipanda. Nilidhani ananipa maneno mazuri tu. Lakini kwenye safari yangu iliyofuata halikuzimika. Wala ya pili. Lilianza tena kuzimika mafuta yalipofika chini ya nusu.

Nilikuwa namenya ndizi za mchana nilipoyaunganisha mambo haya. Kila fundi alipomaliza kazi yake nilijaza tangi. Kila mara gari lilipona, na kila mara lilirudi kuugua mafuta yalipopungua. Inawezekana hakuna hata mmoja aliyekuwa amelitengeneza. Inawezekana ng'ombe aliondoka bure. Niliacha kisu juu ya maganda nikakaa, na wala sikufurahi kugundua.

Fundi wa kwanza nilipomweleza alitabasamu, akaniambia kuwa tangi likijaa gari linakuwa zito, haliwezi kupanda kilima vizuri zaidi. Sikubishana naye. Tulipokwenda tena kwenye mazoezi nilimweleza yule dada wa hospitali, si kwa kutafuta msaada, ila kwa kuwa alikuwa ameuliza kwa nini tulikosa siku nyingi. Akanielekeza kwa shemeji yake, mwenye gereji pale Muleba mjini, kando ya barabara kuu. Alikuwa mtu wa makamo aliyesomea ufundi chuoni, mwenye gereji safi na sauti kubwa. Kwanza alisema kwa uhakika kwamba ni kifuniko cha tangi, hakipitishi hewa. Tukaenda barabarani na kifuniko kimelegezwa, na gari likazimika kilima cha kwanza. Akacheka mwenyewe, akasema haya, tuanze upya, tuache kubahatisha.

Alichofanya ni hiki. Alichukua dumu dogo la plastiki, akalijaza dizeli, akalifunga kwa kamba ndani ya boneti, juu kabisa. Akaunganisha mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye chujio, tangi likaachwa nje ya mchezo. Tukapanda wote watatu, mume wangu katikati, tukapanda na kushuka vilima vyote vya karibu na mji mpaka injini ikachemka hasa. Halikuzimika.

“Pampu yako ni nzima, mama,” akasema. “Nozeli nzima. Shida iko njiani, kati ya tangi na chujio. Kuna mahali linavuta hewa badala ya mafuta. Tangi likijaa mafuta yanajisukuma yenyewe, likipungua injini inalazimika kuvuta, na ikivuta inanyonya hewa. Ndiyo maana hata dizeli haidondoki chini, hutaona tone.”

Aliingia chini ya gari na taa. Alifuata bomba la chuma la dizeli kwa vidole, taratibu, kutoka nyuma kuja mbele. Chini ya sakafu ya dereva akasimama. Pale bomba lilikuwa limefungwa kitu cheusi, kimejaa tope kavu, kila aliyepita chini ya gari lile alidhani ni kizuizi cha kiwandani cha kuzuia bomba lisisuguane na chesisi. Akakata kwa kisu. Ulikuwa mpira wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa mara nyingi na kukazwa kwa waya. Chini yake bomba lilikuwa limelika, lina kitundu cha ukubwa wa ncha ya sindano. Mpira ulikuwa umezeeka. Ukiwa baridi ulikaza kidogo, na ukipata joto ukalegea.

Fundi akaniletea ule mpira kiganjani. Akasema aliyeufunga alijua anachokifanya, maana aliufunga njiani bila vifaa na ukashika muda mrefu sana. Huenda alikusudia kubadilisha bomba baadaye.

Nilikuwa nimekwisha kuutambua ule waya. Ncha zake zilikuwa zimesokotwa, kisha zikakunjwa kuingia ndani ili zisimchane mtu mkono. Waya wa banda letu la kuku umekunjwa hivyo. Uzio wa kibanja umekunjwa hivyo. Siku gani aliifanya kazi hiyo, sijui. Labda nilikuwa nimekaa ndani na madaftari yangu.

Nikaupeleka dirishani kwake. “Baba,” nikamwambia, “hii ni kazi yako. Uliifunga wewe.”

Aliupokea kwa mkono wa kushoto. Aliugeuza, akaunusa. Alinitazama kwa heshima, jinsi unavyomtazama mtoto wa watu akikuonyesha kitu alichookota, nawe hutaki kumvunja moyo. Akasema ego. Akanirudishia.

Nilizunguka nyuma ya gereji, penye matairi mabovu, nikalia. Fundi alinifuata baada ya muda, akanikuta, akaniambia nisilie tena mama, gari limepona. Nikamshukuru. Ilikuwa kweli, lilikuwa limepona. Aliweka bomba jipya mchana uleule, na tuliporudi tukapanda kilima cha Muhutwe mafuta yakiwa robo, injini ikivuta kwa nguvu kama ya ujana wake. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa miezi mingi. Nilipofika nyumbani nilimlisha, nikamwogesha, nikalala bila kula.

Mazoezi tuliyaendeleza kwa kipindi. Kisha yule dada akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba hatuna haja ya kuja kila wiki. Mkono umekwisha kukaza, na kinachobaki naweza kukifanya nyumbani. Niliuliza kama zile wiki tulizokosa ndizo zilizoharibu. Alisema si rahisi kujua. Nadhani alikuwa anajua.

Sasa naenda mwaloni kama zamani, na wengi wa wateja wamerudi, hata yule mama wa Bumbire. Mume wangu nakwenda naye, kwa sababu hakuna wa kumwachia. Mwanzoni wavuvi na wachuuzi walikuwa wanakuja dirishani kwake, wanamshika mkono, wanamsimulia habari za visiwani, nani kapata samaki, nani kapotelewa na nyavu. Anawajibu ego, wao wanacheka naye, wanaendelea. Taratibu wakapunguza. Hawakuwa na ubaya, ni kwamba mtu huchoka. Siku hizi wanapita mbele ya gari na kuja upande wangu, wanamwamkia kwa mkono tu wakiwa mbali.

Juzi yule mama wa Bumbire alikuwa anasimamia magunia yake yakipakiwa. Alimaliza, akaja akaegemea mlango wangu, akamtazama mume wangu aliyekuwa amesinzia, kanga kifuani.

“Alikuwa mtu mwema sana,” akaniambia. “Alikuwa hapunji mtu.”

“Alikuwa hivyo,” nikajibu.

Nilisikia hilo “alikuwa” letu baada ya kulisema. Yeye pia alisikia, akashusha macho, akapiga bodi ya gari kwa kiganja kuniashiria kuwa mzigo uko tayari. Nikawasha. Mume wangu akazinduka kwa mtikisiko, akatazama huku na huku, na nikanyoosha mkono nikamkazia kanga yake kabla ya kuingiza gia.